Majibu Niliyowafundisha Wenzangu

Mwanangu Salumu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini ya kwako naijua. Asubuhi umekunywa uji nusu bakuli ukasema umeshiba, nami nimeona kabisa hukushiba, ni safari imekujaa tumboni. Kikohozi kimepungua. Kifungo cha shati la bluu nimekishona. Basi hayo tuyaache. Ya kula na kuvaa utajijua mwenyewe huko Ulaya uendako, maana hata nikikuandikia hapa uvae sweta, hiyo baridi yenyewe mimi siijui ikoje.

Naandika sasa hivi, adhuhuri imepita, wewe umekwenda Kiranjeranje kuwaaga ndugu wa marehemu baba yako. Nimekaa uani nimepindua sinia magotini, ndiyo meza yangu. Ukirudi utaikuta karatasi hii ndani ya daftari lako la jalada la kijani, lile la kwanza, kwa sababu najua hulali bila kulifungua. Kusema kwa mdomo nimeshindwa. Siku tatu hizi kila nikikujia na neno hili, nikikuona uso tu, mdomo wangu unasema, "Umekula?" Jana ukanijibu, "Mama, umeniuliza mara nne." Ilikuwa mara tano, babaangu. Na zote tano sikuwa nauliza habari za chakula.

Neno lenyewe nalitoa mapema, nisije nikalizunguka mpaka karatasi ikaisha. Majibu uliyoyaandika katika madaftari yale, ya wanawake wa kijiji hiki, si ya kweli. Langu si la kweli. La Bi Asumini si la kweli. Ya wanawake wote wa mstari wetu wa nyumba na mstari wa pili si ya kweli. Na aliyewafundisha wajibu hivyo ni mimi, mama yako.

Usiitupe karatasi. Usije kuniamsha. Isome kwanza yote.

Nianze Namkoro, maana kila nikikaa peke yangu akili yangu inakwenda huko yenyewe, kama mbuzi anayelijua zizi lake. Sijui wewe unakumbuka nini. Ulikwenda shule ya bweni ukiwa mdogo, ukarudi likizo na likizo, ukaenda tena mbali zaidi, na siku uliyorudi mtu mzima tulikuwa tumeshahamishwa. Mimi nakumbuka vyote. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya shamba. Mlango wa mbele mtama, mlango wa nyuma muhogo na mbaazi, na mikorosho ya baba yako ikianzia pale penye jiwe la kunolea. Udongo mwekundu, wa kuingia mpaka ndani ya kucha. Nguo nyeupe hatukuvaa, tulijua tu hatuna bahati nazo. Jirani wa karibu alikuwa Bi Asumini, na huo ukaribu wenyewe ni mpaka umwite mara mbili, sauti ya kwanza ilikuwa inaishia kwenye mihogo.

Mtama ukikaribia kukomaa nilikuwa nakupandisha kwenye dungu, kile kibanda chetu cha juu ya nguzo, uamie ndege kwa kombeo na debe. Siku moja nikasikia kimya. Debe halilii. Nikaja mbio nikijua umeumwa na nyoka. Kumbe umekaa zako, miguu inaning'inia, ndege wamejaa kwenye masuke kama wamealikwa, na wewe unapanga vijiti.

"Mama," ukasema bila hata kugeuka, "wale wadogo hawautaki mtama mwekundu. Wanakula mweupe tu. Wakishiba wanakwenda kunywa maji kwa Bi Asumini, ndiyo maana kwake hawali sana, wanafika wameshashiba."

Nilikuchapa. Nilikuchapa kwa kijiti cha mbaazi mpaka Bi Asumini akaja kukuchukua.

"Mtoto kakwambia ndege wako wanakunywa kwangu, wewe unampiga yeye?" akasema. "Si unipige mimi mwenye mtungi!"

Mwaka uliofuata nilipanda mtama mwekundu upande wote wanakotokea ndege, tukavuna vizuri kuliko miaka mingine. Watu wakanisifu, baba yako akanisifu. Sikusema hata siku moja kwamba ni wewe uliyeona. Nikachukua ulichokiona, nikakuachia fimbo. Umesoma sana tangu siku ile, umepewa vyeti, lakini mimi nahesabu kwamba shule yako ilianzia juu ya dungu lile na mwalimu wako wa kwanza alikuwa mbaya.

Mwaka wa Uhuru ulirudi kutoka shule na bendera ya karatasi ukaichomeka juu ya paa la dungu. Ndege wakaiogopa wiki nzima. Baba yako akasema, "Uhuru huu una faida." Akawa anarudia maneno hayo kila akipata mgeni, mpaka mvua ikaichukua bendera. Mungu amrehemu. Alikuwa anapenda kucheka na mimi nilikuwa nampenda akicheka, sikumwambia hilo nalo.

Kuhamishwa hukukuona, ulikuwa chuoni Dar. Nami sikukuandikia, kwanza kuandika nilikuwa sijui, pili niliogopa utaacha masomo uje. Lori lilikuja, tukapakia vyungu, kuku, mlango. Ndiyo, mlango tuliung'oa, baba yako aliuchonga mwenyewe. Sitaki kusema yote yalikuwa mabaya, maana si kweli, na leo nimekaa kuandika kweli. Hapa kuna bomba. Kuna zahanati, na mdogo wako Mwanahawa asingekuwa hai bila zahanati ile. Mimi mwenyewe nisingejua kushika kalamu. Lakini udongo wa hapa ni kichanga cheupe, na shamba la kijiji liko bondeni ambako maji yanasimama mpaka mtama unaoza miguu. Na sisi sote tumelala kwenye mistari, hakuna anayelala shambani. Nguruwe alilijua jambo hilo kabla Mwenyekiti wa kijiji hajalijua.

Sasa nikwambie jinsi nilivyofika kuwafundisha wenzangu uongo, usidhani niliamka tu siku moja nikaamua.

Darasa letu la watu wazima lilikuwa kwenye banda la kuhifadhia korosho. Mwalimu wetu alikuwa binti aliyemaliza darasa la saba. Sisi tunamwita mwalimu, yeye anatupa shikamoo, ndivyo tulivyokuwa tunakwenda. Siku moja akaja mbio. Mkaguzi anakuja kesho.

"Mama zangu," akatuambia, "akiuliza hiki jibuni hivi, akiuliza kile jibuni vile. Nawaombeni msiniaibishe."

Tukakariri jioni nzima. Bi Asumini alikuwa anasahau, tukamweka katikati ili tumfinye. Mkaguzi akaja, tukajibu kama kasuku, akafurahi. Binti wa watu akapata sifa, sisi tukapata vyeti. Hakuna aliyeumia. Nami nikaliweka moyoni kama somo kamili: mtu anayepita akiuliza maswali na kuandika, majibu anayoyataka anayo tayari, na anayepimwa pale si mimi, ni yule mtoto wetu aliyesimama pembeni.

Basi mwaka jana ikaja barua yako. Niliisoma mwenyewe, kidole juu ya kila neno. Ulisema unakuja na wakubwa zako wanne wa chuoni, kila mmoja na elimu yake, na ya kwako ni ile ya kuziunganisha elimu zao. Mtauliza watu habari za mashamba, na chakula, na mwaka ule wa njaa. Na kazi hii ikienda vizuri utapelekwa kusoma zaidi. Ikienda vizuri! Nilisoma hapo mara tatu. Siku ile sikupika. Nilikwenda mlango hadi mlango.

"Salumu anakuja kufanya mtihani," nikamwambia Bi Asumini, "na mtihani wenyewe ni sisi."

"Mtihani ni mimi?" akasema. "Basi kashafeli. Mimi hata mume wangu alinishindwa."

"Acha utani, mtani wangu. Akikuuliza unalima wapi, sema shamba la kijiji, na kipande cha nyuma ya nyumba. Akikuuliza mwaka wa njaa mlikula nini, sema akiba ya ghala la kijiji ilitufikisha mpaka mavuno. Basi."

"Na Namkoro?"

"Namkoro ipi?"

Akanitazama. Akaanza kucheka polepole, mabega yanatikisika. "Haya, Somoe. Sijawahi kufika."

Namkoro ipi, basi, nikueleze wewe. Tulirudi. Mwaka wa pili baada ya kuhamishwa tulirudi kwenye mahame yetu, wanawake watupu, mmoja mmoja, kila mtu akidhani ni yeye peke yake, mpaka tukakutana njiani. Ilikuwa imekatazwa. Aliyeonekana akirudi mahameni alipelekwa kufyeka uwanja wa zahanati, na aibu juu yake. Kwa hiyo tulitoka na mabeseni ya nguo vichwani tukisema tunakwenda kufua mtoni. Jembe chini, nguo juu. Ile kanga yangu ya maua ilikwenda mtoni mwaka mzima bila kuguswa na maji.

Mwaka wa njaa ghala la kijiji lilikwisha kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Sikuzidishii wala sikupunguzii, nililifagia mimi mwenyewe, nilikuwa zamu. Tulikula muhogo wa Namkoro. Tukala mtama wa Namkoro. Ulipokwisha tukachimba ming'oko, vile viazi vya porini, nyuma ya mikorosho ya baba yako, mpaka vidole vikawa havikunjiki. Dungu tulilisimamisha upya. Tulipeana zamu, wawili kule wanapiga debe kufukuza nguruwe, wengine huku wanaonekana bombani ili idadi isipungue machoni pa watu. Mwanahawa alikuwa anauliza niko wapi, anaambiwa nimekwenda msibani. Mwaka ule nilizika watu wengi ambao hawakufa.

Sasa wageni wako. Wallahi nikikumbuka siku zile tatu nacheka peke yangu, halafu kicheko kinaniganda.

Bwana wa udongo, yule mrefu wa miwani, alikuwa anaokota udongo kila anapopita. Siku ya kwanza tu akanitazama miguu. "Mama, huu wekundu umeutoa wapi? Hapa ni kichanga." Nikamwambia, "Ni hina, mwanangu." Akaniomba radhi! Akaona kaniuliza mambo ya kike. Nikaingia ndani nikajisugua visigino kwa gunzi mpaka vikauma.

Jioni mkakaa kula, ninyi nyote watano kwenye sinia moja, mimi nyuma ya kiambaza nasikia. Bwana wa udongo akasema wanawake wa hapa wanapenda hina, hata kwenye kucha za mikono, hata vikongwe. Yule mama wa lishe aliyepima watoto akasema watoto wana mapaja mazuri na yeye haelewi. Bwana wa kilimo akasema lile shamba la bondeni haliwezi kulisha hata kuku. Bwana wa magonjwa akasema hajaona wanawake wanaofua kama wa kijiji hiki, kila siku mabeseni, kila siku mtoni, ndiyo maana watoto hawana upele.

Salumu, nilishika mwiko nikajisemea, yamekwisha, leo tumepatikana. Vitu vinne vimekaa kwenye sinia moja, imebaki mtu wa kuvigusanisha. Na huyo mtu ndiye wewe. Kazi yako ndiyo hiyo, ulinichorea mwenyewe mchangani, vijiduara na mishale. Ukaniambia, mvua inasukuma hiki, hiki kinavuta kile, na kile kinazunguka kinarudi kuigusa mvua. Nikakwambia, "Mbona hilo ni shamba?" Ukacheka ukasema, "Ndiyo, mama, ila sisi tunaliita mfumo." Basi nikangoja nyuma ya kiambaza, nusu naogopa utaona, na nusu nyingine, nisamehe, nilikuwa naomba uone. Kama siku ile ya ndege. Nilitaka kusikia tena sauti ile ya mtoto asiyegeuka.

Ukasema, "Mama, samaki bado wapo?"

Sikucheki, babaangu. Nimefikiri mwaka mzima kwa nini hukuona, nami najua. Aliyekuwa anapakua alikuwa mama yako. Miguu ya watu wote ungeitazama, ya kwangu huitazami, unaijua tangu unatambaa. Ndiyo maana nasema kosa hili si la akili yako. Mimi ndiye niliyekaa katikati ya macho yako.

Asubuhi yake ukaniambia, "Mama, nataka nikaone Namkoro, hata kidogo tu, nione palipokuwa nyumba." Nikakwambia njia imeota msitu na kuna simba. Ulikuwa na uso wa mtoto aliyenyimwa kitu. Hakukuwa na simba. Kulikuwa na Bi Asumini juu ya dungu. Tangu siku ile, Salumu, kila nikipita njia ile naona aibu ya kumnyima mtu kwao.

Kisha ukafurahi, na furaha yako ikanifunga mdomo. "Mama," ukasema, "majibu ya hapa yanalingana mpaka mkubwa wangu anashangaa. Hajaona kijiji kama hiki." Nilijiona nimekuzaa mara ya pili. Nikapika ubwabwa. Barua ya kwamba umechaguliwa kwenda Ulaya ilipokuja, wanawake wote walipiga vigelegele bombani, kila mmoja akisema jibu lake ndilo lililokupeleka. Niliona tumemsaidia mtoto, kama tulivyomsaidia mwalimu wetu, na mambo yamekwisha.

Ningebaki hivyo. Ni Mwenyekiti aliyeniamsha siku ile ya juzi alipokuja kukupa mkono wa safari. Nilikuwa nachambua mchele mlangoni.

"Ndugu Salumu," akasema, "hicho kitabu unachokwenda kuandika Ulaya kitasema nini juu yetu?"

Ukamjibu kwa sauti ile ya kisomi, nilikuwa naipenda mpaka siku ile. "Kitasema watu wanaweza kuvuka mwaka wa njaa kwa shamba la pamoja na ghala la pamoja, bila kurudi kwenye mashamba ya zamani. Kijiji hiki ndicho ushahidi wangu."

"Maneno hayo nayapenda," akasema. "Kuna wale wa ng'ambo ya mto, vichwa vigumu, bado wanang'ang'ania mahame. Kikisomwa kitabu, wataambiwa waache kabisa. Wakate na madungu yao."

"Kama kitasomwa," ukasema, ukacheka.

"Kitasomwa! Cha kutoka Ulaya kisisomwe?"

Mchele ulinimwagika. Ukaja kuniokotea, ukaniuliza kama ni macho. Si macho. Nilikuwa nawaona wale wa ng'ambo ya mto. Sisi tulidanganya tukiwa na muhogo ardhini. Wao watayafuata maneno yetu bila muhogo. Mwanamke kama mimi, na Mwanahawa wake, atangoja ghala la kijiji, na ghala litakwisha kabla ya mwezi kuandama, na yeye hana pa kwenda na beseni lake. Na kwenye kitabu kitakachomtoa shambani kuna jibu langu, limeandikwa kwa mkono wako mzuri.

Jana asubuhi nikawaambia wenzangu bombani. Afadhali ningewatupia nyuki.

"Umerogwa?" akasema Bi Asumini. "Mtoto sanduku limeshafungwa, wewe unataka kumfungulia!"

"Atakwenda na uongo, Asumini."

"Na sisi tutabaki na Mwenyekiti! Umefikiria hilo? Mtama ndio huo unakomaa. Wakienda kufyeka, nitawalisha nini wajukuu, vyeti vyako vya kisomo?"

Mwingine akasema nitaikata riziki ya mwanangu mwenyewe kwa mdomo wangu. Wakubwa wake wakijua, Ulaya itakufa palepale. Mwingine akaondoka na ndoo nusu. Yote waliyoyasema nayaogopa na mimi. Naogopa usiku na mchana. Nikachota maji yangu nikaondoka. Nimefika kwenye kona nikasikia kandambili zinanifuata.

"Somoe," akasema Bi Asumini, anahema. "Ya kwako mwambie. Ni mwanao na ni muhogo wako. Ya kwangu usiyaseme. Akitaka ya kwangu aje aniulize mwenyewe, kule kule, nikiwa juu ya dungu na yeye yuko chini. Nione kama ataniita mara mbili."

"Utamjibu kweli?"

"Nitamjibu nikimtazama. Akija na kalamu na karatasi zile zenye mistari, simjui. Akija mtoto wa ndege, huyo namjua."

Ndiyo hayo. Ya wenzangu mengine nimeyataja hapa kwa sababu bila hayo ya kwangu hayaeleweki. Usiyaandike mpaka wenyewe wakuruhusu. Utaandikaje kweli bila kututia matatani, mimi sijui, wala usinitazame mimi. Wewe ndiye uliyesoma. Lakini najua unaweza. Uliweza kuniambia ndege wanakula wapi bila kumtaja Bi Asumini kwa ubaya.

Jambo moja tu nakuomba ulibebe, si kama amri. Utakutana na watu wengi huko na kwingine, na kazi yako itakuwa kuwauliza. Watu wakikujibu sawasawa wote, tena vizuri, tena kwa heshima, usifurahi kama ulivyofurahi kwangu. Jiulize wanampenda nani, au wanamwogopa nani. Kisha angalia miguu yao. Nimekwambia la maana nililo nalo, nalo nimelipata kwa kukukosea.

Sijui wakubwa zako watasema nini. Huenda wakasema urudi mwanzo, huenda wakachagua mwingine. Nimewaza usiku kucha kwamba huenda mimi niliyekupeleka bweni kwa kuuza kuku ndiye nitakayekukatisha safari. Lakini pia nimewaza ukiwa mzee, una mvi, umekaa na vitabu vyako, halafu mtu akutokee na aseme, wale watu wa ng'ambo ya mto walikufa njaa kwa sababu yako. Hapo mimi nitakuwa chini ya udongo, sitaweza kusema kwamba ni mimi.

Gari lako la kesho linapita Kiranjeranje baada ya adhuhuri. Kutoka hapa kwenda Namkoro ni mwendo wa saa mbili kwa mtu mwenye mzigo, na kesho hatutakuwa na mzigo. Tukitoka alfajiri tutarudi kwa wakati, tukiharakisha. Njia ni nzuri. Nimeipita wiki iliyopita.

Nikishaswali alfajiri nitakaa mlangoni. Sitakuuliza kitu. Nitatazama mkono wako. Ukitoka na daftari, nitajua. Ukitoka na sanduku, nitalipokea nijitwike mpaka barabarani, nitakuombea dua kama mama yeyote, na neno hili sitalitaja tena kwa barua wala kwa mtu. Redhi yangu unayo kwa lolote utakalochagua. Usije ukadhani nakupima.

Lakini nitakuwa nimevaa nguo za shamba.

Mama yako,
Somoe